Mama, Usibandue Hicho Kigaga

Jumapili nilipiga simu ya video nyumbani Likasi, kule Kikula, nikamkuta Mama amempakata kibuzi, anambandua vigaga mdomoni kwa kucha. Mikono mitupu, bakuli la maji ya chumvi pembeni. Nilipiga kelele. Mdogo wangu akanituliza: "Yaya, ni miiba tu."

Miiba gani inachoma vibuzi wanne wiki moja, wote midomoni?

Siku mbili kabla, katika zizi ninakofanya kibarua huku Namur, tulipata mgonjwa wa aina hiyohiyo. Mwenye zizi alivaa glavu kwanza. Akainua mdomo kwa kidole gumba: malengelenge yameshikana, juu yake gamba jeusi, nene kama ukoko wa bukari. Akamtenga pamoja na mama yake, akaandika namba ya hereni ya sikio, akamwita daktari wa mifugo. "Ektima," alisema daktari. Ni kirusi. Antibiotiki haikiui, husaidia tu kidonda kikianza kutunga usaha. Mara nyingi mbuzi hupona mwenyewe baada ya wiki tatu au nne. Lakini kigaga kikianguka pakavu, kirusi hukaa humo miezi na miezi. Na Mama alikuwa anavitupa palepale uani, wanapolala mbuzi wa avenyu nzima!

Binadamu naye huambukizwa. Baba aliwahi kuota kinundu kidoleni baada ya kuchinja, tukakiita jipu. Sasa najiuliza.

Kwetu kila ugonjwa wa ngozi dawa yake ni oili chafu ya gari. Upele ni kitu kingine: mbuzi anajikuna, manyoya yanapukutika, ngozi inakuwa ngumu. Huo unaletwa na wadudu, unataka sindano ya ivermektini; oili inamuunguza tu. Na ukiona vidonda vya mdomo pamoja na homa, makamasi na kuhara, hofia sotoka ya mbuzi na kondoo, mwite daktari siku hiyohiyo.

Mdogo wangu anasema glavu ni za mbuzi wa Wazungu. Neno hilo limeniuma. Mfuko wa nailoni na sabuni vinamshinda nani?

Jana Mama alinitumia picha: mikono imo ndani ya mifuko ya sukari, ameinua kiwele cha mama wa kibuzi. Chuchu ya kushoto ina kidonda, na jike anampiga mwanawe teke kila akija kunyonya. Mama ananiuliza kama ampe kibuzi maziwa kwa chupa. Ampe, tena leo, kabla hajaishiwa nguvu.