Seva ya Shosho

Nimepotea kidogo kwa sababu nilikuwa nyumbani Endarasha, nikipigana na video.

Kisa chenyewe ni hiki. Guka alipofariki alituachia shamba la viazi na video kama 40 ambazo binamu yangu alimrekodi kwa iPhone. Nikaona niziweke kwenye seva nyumbani, kwa programu huria ya Jellyfin, shosho awe anamtazama mzee wake. Taabu ni kwamba kisanduku cha TV yake ni cha zamani, kinaelewa kodeki ya H.264 tu. iPhone nazo zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, na zile za HDR hutumia biti 10. Basi lazima seva iifungue video na kuifunga upya papo hapo, mtu akitazama.

Nilianza na kompyuta yangu ya chuo, Intel ya kizazi cha 4. Haina sehemu ya kufungua HEVC, kwa hivyo prosesa ilibeba mzigo wote. Feni ikanguruma, picha ikakwama kila baada ya sekunde chache. Shosho akaniuliza, "Mbona guka wako amekuwa na kigugumizi? Hakuwa hivyo." Jamani, niliumia.

Halafu stima ikapotea. Betri yetu ya sola ni ya volti 12, Ah 100, yaani wati-saa 1,200. Ya asidi huimalizi, unatumia nusu. Mashine ya wati 100 inazila hizo 600 kwa saa 6. Ya wati 15 inakaa saa 40. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nguvu si hoja. Hoja ni umeme.

Nikapima chaguo zangu. Kadi kubwa ya picha ingefanya kazi kwa urahisi, lakini kwa mtazamaji mmoja ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha supu. Raspberry Pi 5 inakula kidogo, na HEVC inaifungua, ila haina kifaa cha kufunga H.264. Intel N100 ya mwaka 2023 ndiyo niliyoitamani, chipu ya wati 6, lakini mfuko ulikataa.

Zikabaki kompyuta ndogo za ofisi, zile za ex-UK. Muuzaji mmoja alinisukumia ya kizazi cha 6: "Ni kitu kimoja, boss." Si kitu kimoja! Quick Sync ya kizazi cha 6 inaishia HEVC ya biti 8. Ya biti 10 inaanza kizazi cha 7. Nikang'ang'ania Core i5 ya kizazi cha 7, yenye herufi T mwishoni, prosesa ya wati 35.

Utaniuliza, si ungezigeuza zote mara moja ukamaliza? Ningeweza, lakini ndugu zangu huongeza video mpya kila wiki, na dada yangu aliye Nairobi hutazama kwa bando ya simu, anataka ndogo zaidi.

Jumapili jioni tuliwasha. Feni kimya. Guka akaanza kueleza bei aliyouzia viazi msimu mmoja, bila kukwama hata neno. Shosho akasikiliza, akatikisa kichwa, akaanza kumbishia.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.