Kilima cha Matofali Mjini London

Mtu ashukaye gari moshi katika stesheni ya Liverpool Street, mjini London, akaenda kwa miguu upande wa kaskazini, hatachukua nusu saa kufika Arnold Circus. Hapo barabara saba hukutana kwenye duara, na katikati pana kilima chenye miti mikubwa na kibanda cha wapiga bendi. Nyumba ndefu za matofali mekundu zinazokizunguka zapendeza sana. Lakini kilima hicho si cha asili. Kilifanyizwa kwa vifusi vya nyumba za mtaa ulioitwa Old Nichol.

Mwaka 1886 Kasisi Arthur Osborne Jay alikabidhiwa parokia ya Holy Trinity, iliyokuwa katika mtaa huo. Watu karibu 6,000 waliishi humo, mara nyingi jamaa nzima katika chumba kimoja. Kwa kila watu 1,000 walikufa kama 40 kwa mwaka, ambapo katika Bethnal Green nzima walikufa kama 23. Katika watoto wanne waliozaliwa, mmoja hakutimiza mwaka.

Wasomaji walio makarani wajua ya kuwa hesabu kama hizi zataka uangalifu. Vizazi na vifo vya Uingereza vilianza kuandikwa na Serikali tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo vitabu vya kanisa vilihesabu waliobatizwa na waliozikwa tu. Hata baadaye, maskini aliyefia hospitali ya mbali aliandikwa huko huko, na asiporudishwa kwenye hesabu ya mtaa wake, mtaa mbaya ulionekana kuwa na afya. Tena, palipo na vizazi vingi pana watoto wachanga wengi, nao ndio wafao upesi. Basi vifo 40 havikutokana na uchafu peke yake, ingawa uchafu ulikuwapo wa kutosha.

Halmashauri ya London ilianza kuubomoa mtaa mwaka 1893, na mwaka 1900 mwana wa Malkia Victoria akafungua nyumba mpya. Watu 5,719 walikuwa wameondolewa. Waliorudi kupanga hapo walikuwa 11 tu, maana kodi iliwashinda. Walioingia ni mafundi, makarani na polisi, watu wa mshahara wa hakika, na vifo katika nyumba hizo vikawa vichache. Wenyeji wa zamani walijibana katika mitaa ya jirani iliyokwisha kujaa, na vizazi na vifo vyao vikaandikwa katika madaftari ya huko.