Kufuli la Nne

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Ndiyo kanuni: pesa ya wengi haifunguliwi na mkono mmoja. Nilikuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na mmoja, na kanuni hiyo niliihubiri kila kikao. Sikujua kwamba lilikuwapo kufuli la nne, nalo nilikuwa mimi.

Mwaka mmoja nilifiwa na kaka yangu kijijini. Matanga yakafuatwa na mambo ya mirathi, nikakaa huko majuma matano. Simu hazikukatika. Nani amemaliza marejesho? Mama wa genge ana hisa ngapi? Daftari walikuwa nalo, lakini niliandika kwa alama zangu mwenyewe, nukta hapa, duara pale, na maana yake niliijua peke yangu. Vikao vitatu vikaahirishwa. Mama wa genge, aliyekuwa anasubiri mkopo wa ada ya mtoto, akaenda kukopa mtaani kwa riba ya kuumiza.

Niungame: niliposikia wamekwama, kwanza nilifurahi. Nikajisemea, wameona sasa, bila mimi hakuna kitu. Nikarudi mjini kifua mbele.

Mama wa genge hakunigombeza. Alinipa mkono wa pole, kisha akauliza taratibu, "Mwenyekiti, na siku ukitangulia wewe, tutakuzika pamoja na hisa zetu?"

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikilikumbuka neno moja, kung'atuka. Sisi wa rika langu tulilizoea mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipolitoa katika Kizanaki chao na kulitumia kwa kuacha urais, akampisha Mzee Ali Hassan Mwinyi. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kupisha. Januari 1962, Uhuru ukiwa na wiki sita tu, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuijenga TANU.

Hata hivyo, uenyekiti wa CCM alibaki nao mpaka 1990. Zamani jambo hilo lilinikera. Siku hizi linanifariji kidogo: hata aliyetufundisha neno lenyewe hakuachia vyote kwa siku moja. Na Mzee Mwinyi hakuiendesha nchi kwa mkono wa Mwalimu. Alifungua milango ya biashara, maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, na yako mambo ya enzi hiyo ambayo Mwalimu hakuyapenda na aliyasema waziwazi. Ukimpisha mtu jikoni, usitegemee sufuria zikae ulipozizoea.

Nami nikapisha. Ilinichukua miezi mitatu kumfundisha daftari langu mwenyekiti mpya, binti anayelingana na mwanangu wa mwisho. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaandika kila kitu, kisha akauliza, "Baba, kwa nini tusiandike tu majina na tarakimu?" Sikuwa na jibu. Leo hesabu zinasomwa kwa sauti mbele ya wote, na kikao kikiisha kila mwanachama anapata ujumbe wa akiba yake kwenye simu.

Kikao chake cha kwanza alikosea kujumlisha faini. Niliona palepale. Mkono wangu ukaanza kunyanyuka wenyewe, nikaukalia.

Kimya kikapita. Halafu nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama fundi baiskeli, mtu ambaye kwa miaka yangu yote kumi na mmoja sikuwahi kusikia sauti yake kikaoni. Akakohoa kidogo, akasema, "Samahani mwenyekiti, naomba turudie hesabu hiyo."