Merikebu Iliyokwenda Kisiwa cha Mbali

Bwana Scoresby Routledge na mkewe, Katherine, hawakuwa wageni katika nchi ya Kenya. Walikaa miongoni mwa Wakikuyu, na kitabu walichoandika juu ya desturi zao kilitolewa mwaka 1910. Baadaye walitaka kujua habari za Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, kilichomo katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya maili 2,000 kutoka pwani ya Chile.

Kwa kuwa safari za meli kwenda huko zilikuwa adimu mno, waliagiza merikebu yao wenyewe, ikaundwa Whitstable, Uingereza. Ilikuwa na milingoti miwili, pamoja na mtambo mdogo wa kuisukuma upepo unapokoma. Waliiita "Mana", neno la watu wa visiwa vile lenye maana ya nguvu isiyoonekana kwa macho.

Merikebu iling'oa nanga Falmouth mwezi wa Machi 1913, ikapita Brazil na mlango wa bahari wa Magellan, ikafika Rapa Nui Machi 1914. Kwa mwaka mzima chombo hicho kilikuwa nyumba, ghala na ofisi. Katika maisha kama hayo maji ya kunywa hutumiwa kwa kipimo, usiku hugawanywa kwa zamu, na watu wakigombana hakuna mahali pa kuhamia. Maradhi nayo hayakukosa: mtaalamu wa mawe alishikwa na homa ya matumbo Amerika ya Kusini, asifike kisiwani.

Kisiwa hakikuwa na bandari ya salama. Upepo ulipogeuka, chombo kililazimika kukimbilia bahari kuu, kisije kikavunjika miambani. Bibi Routledge na mumewe walihamia nchi kavu, nayo "Mana" ikawa inakwenda Chile kuleta barua na vyakula. Kila ilipoondoka, waliobaki hawakuwa na njia ya kutoka. Oktoba 1914 zilitokea manowari za Kijerumani chini ya Graf von Spee, na watu wa kisiwani walikuwa hawajapata habari kwamba vita vimeanza tangu Agosti.

Kazi iliyowaleta ilikuwa ya haraka. Mwaka 1862 wanyang'anyi kutoka Peru walichukua watu wengi wa kisiwa hicho utumwani, na maradhi yakaua wengi wa waliosalia. Kufikia 1914 wenyeji walikuwa kama 250 tu. Wazee waliokumbuka mambo ya kale walikuwa wachache, na baadhi yao walikaa katika kambi ya wenye ukoma. Bibi Routledge aliwaendea huko, akisaidiwa na mwenyeji aitwaye Juan Tepano. Mzee Tomenika, aliyejua kidogo maandishi ya kale yaitwayo rongorongo, alifariki muda mfupi baada ya kuulizwa. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi hayo kwa hakika.

"Mana" iliondoka kisiwani Agosti 1915, ikarudi Uingereza katikati ya 1916. Sanamu kubwa za mawe zingalipo, na anayetaka kuzitazama atazikuta. Maneno ya Tomenika hayakungoja hivyo. Mwenye babu nyumbani na amuulize leo, maana yeye hahitaji merikebu.