Nilimsingizia mama wa kitalu

Nianze na lililo baya zaidi: siku ile kitaluni hata shikamoo sikumpa. Nilishuka kwenye bodaboda na mche mkavu mkononi, nikamwambia mama wa watu mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia miche yenye ugonjwa. Hakubishana. Alinihesabia miche 20 ya bure, akasema, "Pole mwanangu, kapande tena."

Nayo ikafa.

Kiwanja changu kiko pembezoni mwa jiji la Arusha, kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu masika. Mwishoni mwa Aprili nilipanda michongoma 120, sentimita 30 toka mche hadi mche, ili ua uanze kufunga kabla sijajenga. Wiki ya tatu majani yakalegea, yakawa ya njano, yakapukutika. Mimi nikaona kiu. Nikamlipa kijana awe anamwagilia asubuhi na jioni, masika hiyo hiyo! Hali ilipozidi nikasema ni mchwa, nikanunua dawa na kuimwaga mstari mzima. Mchwa sikumwona hata mmoja, wala vile vijia vyao vya udongo, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Kuna jambo lililokuwa wazi hata kwa mpita njia: miche ya upande wa juu, karibu na barabara, ilikuwa inachipua vizuri tu. Iliyokufa ni ya chini, yanakotuama maji. Ugonjwa wa kitaluni ungejuaje mteremko wa kiwanja changu?

Niliporudi na hasira mara ya pili, mama alifunga kitalu akaja mwenyewe. "Umeng'oa hata mmoja ukautazama?" Sikuwa nimeng'oa. Akakwaruza shina kwa ukucha: juu bado kijani, karibu na ardhi kahawia. Akaung'oa, akaubana mzizi kwa vidole viwili, akavuta. Ganda likachomoka lote kama soksi, ukabaki uzi. Akaninusisha: harufu ya mihogo iliyosahauliwa majini. Kisha akamwaga ndoo ya maji kwenye shimo tupu na kwenda zake. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo.

Nilikuwa nimechimba mashimo marefu na kuyajaza samadi na udongo laini, nikijiona fundi. Kumbe kuta za mfinyanzi zilishika maji kama beseni. Mizizi ikakosa hewa, ikaoza, na mche uliooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu. Mchongoma, mti unaovumilia ukame kuliko mimi, niliuzamisha kwa ndoo.

Nimepanda upya juu ya tuta, na upande wa chini nimechimba mfereji wa kutolea maji. Miche nimeilipia, na ile 20 pia, ingawa mama alikataa hela mara mbili. Kilichonishinda kurudisha ni maneno. Nilishayasimulia kwenye daladala, kwenye kikoba, hata kanisani baada ya ibada. Nimepita kwa majirani wanne kuyakanusha; watatu walicheka yakaisha. Wa nne juzi kaniona na miche mkononi, akaniuliza kama bado nanunua kwa yule mama wa miche mibovu.