Jina Langu Katika Daftari

Ndugu msomaji, usinicheke. Haya ninayoyaandika yana aibu ndani yake, lakini nimekwisha kujifunza kwamba aibu ya deni ukiificha huzaa. Kwa hiyo naisema, labda itamfaa mwenzangu mmoja aliyeko njiani kuelekea nilikotoka mimi.

Nilimaliza Kidato cha Nne miaka sita iliyopita. Matokeo hayakunipeleka mbele. Nikabakia mjini Unguja, chumbani kwa shangazi yangu Malindi. Mchana nauza vinyago na kanga katika duka la mtu huko vichochoroni Hurumzi, usiku naandika riwaya. Naandika kwa mkono katika kaunta buku, na nimeshajaza nne. Pale Jaws Corner, penye kahawa na bao, wananiita "Mwandishi", na wanaliita jina hilo kama watu wanavyomwita mtu mfupi "Mrefu".

Mwaka juzi mwezi wa Machi nikasikia habari za shindano la uandishi. Mswada ulitakiwa uwe umepigwa chapa. Kurasa zangu zilikuwa 160, na kijana wa steshenari akanambia shilingi 500 kila ukurasa. Piga hesabu mwenyewe: 80,000. Mfukoni nilikuwa na 6,000.

Lakini nilikuwa na simu. Kukopa kwa simu si jambo geni kwetu tena. Kenya walianza na M-Shwari mwaka 2012, hapa Tanzania M-Pawa ikafuata mwaka 2014, kisha kila mtandao ukaja na wake. Mie huduma niliyokuwa nikiitumia siitaji jina, maana kosa lilikuwa langu zaidi. Nilianza kwa kukopeshwa 5,000, nikalipa. Ikawa 10,000, nikalipa. Mwaka mzima kiwango kikawa kinapanda kama maji ya bamvua, hata kikafika 80,000. Sasa tazama mambo yanavyokwenda: hitaji langu 80,000 na kiwango changu 80,000. Nikaona hiyo ni dalili. Nikabonyeza, nikazichukua zote.

Shindano sikupata kitu. Wala jina halikutajwa. Na mwezi wa Aprili masika yakaingia, wageni wakapungua, hoteli nyingine zikafunga milango, na tajiri wangu akaniambia, "Kaka, tupumzike mpaka Juni." Tarehe ya kulipa ikafika nikiwa nimepumzishwa. Meseji ya kwanza ilikuja kwa adabu. Ya pili ikaja na faini. Ya tatu sikuifungua.

Mama yangu yuko Jambiani, analima mwani. Ana maradhi ya presha, na vidonge vyake huninunulia mie mjini, nikampa kondakta wa daladala akampelekea. Siku moja ya mwezi wa Mei akanitumia 15,000 kwa simu. Kwa mkulima wa mwani fedha hizo ni siku nyingi za kuinama majini na mgongo unauma. Meseji ya kupokea ikaingia. Na kabla sijaweka simu chini ikaingia nyingine: 15,000 zimekatwa kulipia deni lako, salio lako ni sifuri.

Nilikaa kitandani nikaiangalia simu kama kwamba ni mtu kanipiga kofi. Mama akapiga. "Zimefika, mwanangu?" Nikasema, "Zimefika, mama." Na kweli zilifika.

Nikaenda kwa ami. Ami huyu si ami yangu wa damu, ni Mpemba mwenye duka mtaani kwetu, na sote tunamwita hivyo. Unga, sukari, mafuta ya taa, vocha, kila kitu hupatikana kwake, na chini ya mzani lipo daftari lake la deni, kubwa, jalada limeshikwa na gundi. Nikamwamkia, nikamwomba 15,000. Hakunijibu. Alilitoa daftari, akalifungua, akaligeuza kwangu.

"Hebu soma mwenyewe, we si msomi."

Jina langu, na mbele yake: mkate, mchele nusu kilo, sabuni, mkate, mkate. Jumla 23,500. Nilikuwa nimelisahau deni lile kwa sababu halikuwa likinitumia meseji.

"Elfu kumi na tano sikupi," alisema. "Nakupa elfu tano. Ukizileta Ijumaa tutazungumza tena. Usipozileta, hapa upite kwa salamu tu."

Nilikasirika, wallahi. Lakini 5,000 zilinunua vidonge vya kiasi cha wiki, nikavituma Jambiani na kumdanganya mama kwamba dawa zimeadimika. Siku mbili zile nilibeba mizigo ya watu bandarini Malindi, na Alhamisi, si Ijumaa, nikamrejeshea ami elfu tano zake. Akazipokea bila ya kunisifu. Akaandika. Kisha akanipa 10,000.

Ndugu msomaji, skuli nilisoma hesabu za riba na faida mpaka nikachoka, lakini somo la mkopo nilifunzwa pale, mbele ya gunia la mchele. Kiwango si fedha uliyonayo. Kiwango ni urefu wa kumbukumbu aliyonayo mwenzako juu yako. Ukivunja ahadi kumbukumbu ile hukatika, na huwezi kuiunga kwa maneno. Unaiunga kwa elfu tano iliyorudi Alhamisi.

Mji huu wetu umejengwa juu ya habari hiyo. Nyumba ya Tippu Tip ipo hapo Shangani, naye alifariki mjini hapa mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, na ukiyasoma utaona kwamba misafara ile mikubwa ya bara ilikwenda kwa mkopo: matajiri wa Kihindi, mkubwa wao Taria Topan, walitoa bidhaa leo na kungoja pembe za ndovu miaka ijayo. Mtu akirudi na kulipa, safari ya pili anaaminiwa zaidi. Taria Topan ndiye aliyeanzisha jengo lile zuri la mbao zilizonakshiwa linaloitazama bahari Malindi, lililokuja kuwa zahanati. Nalipita kila siku. Wala tusisahau kwamba katika misafara ile waliopelekwa na kuuzwa walikuwamo binadamu. Imani baina ya mdai na mdaiwa inaweza kuwa imara, na wa tatu akawa ndiye anayelipa.

Jambo hilo nililifahamu vyema niliposoma *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa hapa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili mwaka 2022. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe si ami kitu: ni mdai wa baba yake, na mtoto ndiye rehani. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Deni langu lilikuwa langu, lakini aliyelilipa kwa mgongo wake majini alikuwa mama.

Mwezi wa Juni wageni wakarudi, nami nikarudi dukani. Nikalilipa deni la simu kwa mafungu manne, pamoja na faini yake, na la mwisho nikalitia katikati ya Julai. Nikadhani asubuhi yake nitarejeshewa 80,000 zangu. Thubutu! Miezi mitatu nikibonyeza naambiwa sistahiki. Oktoba ndipo nikaambiwa nastahiki: 5,000. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa ni ami yule yule, ila huyu hana kofia.

Tangu hapo nimepanda tena, na kwa kuwa wengi mnaniuliza pale barazani, nayasema niliyoyafanya.

Kwanza, sikubadilisha laini. Rafiki zangu walinishauri niitupe, nianze upya. Lakini laini siku hizi husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, na deni humfuata mwenye kidole. Zaidi ya hayo, ukitupa laini unatupa na historia yako njema. Laini yangu ina miaka saba, na umri huo ni mali.

Pili, nilipitisha maisha yangu yote kwenye simu. Zamani tajiri alinipa mshahara mkononi, nikamwomba anitumie. Umeme wa TUKUZA wa shangazi nanunua kwa simu, vocha kwa simu. Mashine haikuoni ukiamka alfajiri kwenda kazini. Inaona kinachoingia na kinachotoka, basi.

Tatu, nilikopa kidogo kuliko nilichoruhusiwa, nikalipa kabla ya siku. Nilipopewa 30,000 nilichukua 10,000. Binamu yangu aliyeko Toronto ananambia huko nako ni hivyo hivyo. Alipofika alipewa kadi ya mkopo kwa sharti aweke kwanza benki dola 500, na kiwango chake kikawa hizo hizo 500. Akashauriwa asitumie zaidi ya theluthi yake, na alipe kwa wakati kila mwezi. Baada ya mwaka na kitu benki ikamrejeshea amana yake na kumwongezea kiwango. Mtu anayekikomba chungu kila mara huonekana ana njaa, na mwenye njaa haaminiwi na chungu kikubwa. Lakini tahadhari: usikope bila ya haja ili uonekane mzuri tu. Kila mkopo una ada, na ada ikirudiwa mara kumi ni kilo za mchele.

Nne, sikulipa deni kwa deni. Nilipokuwa nimekwama nilishawishiwa na zile programu za simu zinazotoa mkopo kwa dakika mbili, kisha ukichelewa wanawapigia watu waliomo katika simu yako kuwatangazia aibu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni, ikazikataza. Kabla ya kukopa, uliza leseni.

Tano, nilijua kwamba jina langu liko pahala. Mabenki hupeleka habari za wakopaji katika kanzi data ya Benki Kuu, na yapo makampuni yenye leseni, kama Creditinfo, yanayotoa taarifa za mkopaji. Ukinyimwa mkopo na hujui sababu, omba taarifa yako uisome. Kama deni umelilipa na bado limeandikwa, dai lifutwe, na risiti uwe nayo.

Kuna jambo moja sijalimaliza na nafsi yangu. Mzee mmoja barazani aliniuliza, "Hiyo ada, kijana, si riba hiyo?" Sikuwa na jibu la kujitapa nalo. Zipo benki za Kiislamu, Amana ilifunguliwa mwaka 2011 na PBZ nayo ina huduma zake, lakini hao hawanifungulii mlango kwa shilingi 10,000. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha deni liandikwe, na ami analiandika lake bila ya kuongeza hata senti. Siku hizi kwa hivyo naanza kwa ami, na simu naiacha iwe ya mwisho.

Wiki iliyopita nilikuwa Jaws Corner, kahawa mkononi, meseji ikaingia: kiwango chako kimeongezwa hadi 120,000. Nikaisoma kwa sauti. "Chukua, yakhe!" wakasema wote. "Kapige chapa riwaya!" Riwaya nyingine ninayo, ni kweli, na nimeipenda kuliko ile ya kwanza. Mkono uliniwasha. Nikaitia simu mfukoni, nikamaliza kahawa yangu. Nitaipiga chapa sura tatu tatu, kwa mshahara.

Nikapita kwa ami kununua mkate. Nilimwonesha ile meseji. Akavaa miwani, akaisoma, akanirudishia. "Wamekawia," alisema. Katika daftari lake ukurasa wangu umepigwa mstari toka juu mpaka chini, na kwa sasa sina ukurasa mwingine.

Lakini mama ananiletea pesa za dawa kwa kondakta wa daladala, zimefungwa katika kipande cha kanga. Hajanitumia tena kwa simu tangu mwezi ule wa Mei. Hajaniambia kwa nini, na mie sijamuuliza. Kila mwezi nazinunua dawa, naziweka na risiti ndani ya kipande kile kile cha kanga, nampa kondakta, nangoja.