Sare ya Kununua Mwenyewe

Kuna wanaokusanya stempu, kuna wanaokusanya sarafu. Mimi, kwa uwezo wangu mdogo, ninakusanya mabaki ya sare za akina mama wa Uingereza waliojitolea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Najua mnachotaka kuuliza: mwandishi wa habari wa Kitanzania na nguo za vita vya wazungu, wapi na wapi? Subirini kidogo.

Chanzo ni kitabu. Nella Last alikuwa mama wa nyumbani katika mji wa Barrow-in-Furness, kaskazini mwa Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1939 alianza kuandika shajara kwa ajili ya Mass Observation, mradi ulioomba watu wa kawaida waandike habari za maisha yao. Sehemu ya miaka ya vita ilitoka kama kitabu mwaka 1981, Nella Last's War. Kama hamjakisoma, kitafuteni. Mwanamke huyu alikuwa akienda kujitolea kwenye kituo cha WVS, na humo ndimo nilimokutana na jina hilo kwa mara ya kwanza.

WVS ilianzishwa mwaka 1938 na Lady Reading, na wakati wa vita wanachama wake walifika milioni moja hivi. Walisaidia kuhamisha watoto kutoka mijini, wakapika chai na supu kwenye kantini za barabarani baada ya mabomu, wakagawa nguo kwa waliounguliwa na nyumba, wakafuma nyavu za kufichia silaha. Hawakuwa na vyeo vya kijeshi, na wengi hawakulipwa hata senti.

Sasa njooni kwenye sare. Suti ya tweed ya kijani iliyochanganywa na kijivu, sweta jekundu la rangi ya bitiruti, kofia ya felti. Aliyeibuni ni Digby Morton, mbunifu wa mavazi wa London. Suti nzuri kweli, hata leo ukiiona dukani unasimama. Ila kuna jambo moja: mwanachama alijinunulia mwenyewe. Na kuanzia Juni 1941 nguo zikawa kwa kuponi, yaani hata mwenye hela alipaswa kupiga hesabu. Kwa hiyo mke wa daktari alivaa suti nzima, na mke wa kibarua alibandika beji kwenye koti lake la siku zote, akaenda kumenya viazi vilevile.

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu.

Alikuwa kwenye kikundi cha akina mama mtaani kwetu. Kukiwa na msiba, yeye ndiye wa kwanza kuwasha kuni na wa mwisho kuosha masufuria. Mwaka fulani kikundi kikaamua kushona sare ya kitenge, kila mtu na hela yake. Mama hakuwa nayo. Ada zetu za shule zilikuwa zimetangulia. Siku ya picha, wenye vitenge wakapangwa mbele. Mama yuko nyuma kabisa, kajifunga kanga, unaona nusu ya uso wake. Mwenyewe hakulalamika. Alisema tu kwamba wali haumuulizi mpishi kavaa nini.

Ndiyo maana sikimbilii suti. Bei yake siiwezi, kwanza, na wanunuzi wake ni wengi: makumbusho, watu wa filamu, watu wanaovaa mavazi ya miaka ya 1940 kwenye sherehe. Kuna na nakala mpya zinazoshonwa kwa ajili yao, kwa hiyo lazima ukague bitana, vifungo na lebo. Beji nayo ina mtego wake. Ukikuta herufi R katikati, WRVS, hiyo si ya vita. Neno Royal liliongezwa mwaka 1966.

Nilichonacho ni beji mbili na gauni moja la kazi la pamba ya kijani, lile la kuvaa juu ya nguo zako ukiwa jikoni. Nilivinunua kwenye soko la mitumba nilipokuwa nasoma shahada ya pili Uingereza. Gauni halikuwa na bei kubwa kwa sababu limechoka. Mfuko wa kulia umeshonwa upya kwa uzi usiofanana na kitambaa, na kiwiko kina kiraka. Nilimuuliza muuzaji lilikuwa la nani. Akasema lilikuja na mapazia, kwenye boksi moja.

Suti nyingi zilizotunzwa vizuri zina historia: jina la mwenyewe, picha yake, wajukuu wa kuisimulia. Gauni langu halina. Mapazia yale nayo sikuyanunua, ila nakumbuka yalikuwa ya maua.